Mchungaji Ndiye Anayedaiwa Kondoo

Mtu ambaye hajawahi kuchunga akisikia "Bwana ndiye mchungaji wangu" huona majani mabichi na maji ya utulivu. Aliyechunga hukumbuka kwanza hesabu. Mimi nimechunga. Jioni zangu za utoto, baada ya shule, zilikuwa za kondoo wa babu, na hadi leo siwezi kuisoma Zaburi ya 23 bila kusikia swali alilotuuliza kila jua lilipokaribia kuzama: "Wametimia?"

Hakuuliza kama wameshiba. Hilo aliliona mwenyewe ubavuni mwao. Alisimama kwenye mlango wa zizi, mlango mwembamba wa kupita kondoo mmoja mmoja, akailaza fimbo yake kukingama njia, nao wakapita chini yake huku mkono wake mwingine ukiwagusa migongo. Kwa huyu mkono uliteleza tu, kwa yule ulikawia. Akikawia sana tulijua amehisi kitu: jeraha, kupe, mbavu zilizoanza kutokeza. Huyo alitengwa pembeni. Na hesabu ikipungua, hakuna aliyekaa chini mpaka ijulikane aliyepungua ni nani na mara ya mwisho alionekana wapi. Kondoo walikuwa wa babu, lakini siku hiyo walikuwa mikononi mwetu, kwa hiyo wadaiwa tulikuwa sisi.

Nilipokuwa mtu mzima na kuanza kuisoma Biblia kitabu baada ya kitabu, niliikuta fimbo ile ile. Imo katika Walawi 27:32, pale zaka ya mifugo inapohesabiwa kwa kila mnyama apitaye chini ya fimbo. Imo katika Ezekieli 20:37, Mungu akisema atawapitisha watu wake chini ya fimbo. Na hesabu ile ile imo, kwa namna inayonigusa zaidi, katika Yeremia 33. Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi, Yerusalemu umezingirwa na majeshi ya Babeli, nyumba zinabomolewa ili kuzuia maadui wasiingie. Katika hali hiyo analetewa ahadi kwamba iko siku makundi yatapita tena chini ya mikono ya anayeyahesabu. Kati ya mambo yote ambayo Mungu angeweza kuwaahidi watu waliozingirwa, mojawapo ni hili: kuhesabiwa jioni na mtu anayewajua.

Ndiyo maana mfano wa kondoo mia katika Luka 15 mimi huanza kuusoma nyuma ya pale unapoanzia. Kondoo 99 na kondoo 100, ukiwatazama kwa mbali, ni kundi lile lile. Hakuna jicho linaloweza kutofautisha. Yule bwana alijua mmoja hayupo kwa sababu alihesabu, na alihesabu siku ambayo hakuna dalili yoyote ya hatari iliyokuwa imetokea. Furaha ya kumbeba mabegani ilianzia kwenye kazi ile isiyosifiwa na mtu.

Jambo la pili nililojifunza kwa babu ni kwamba kondoo huficha ugonjwa. Mnyama anayewindwa akionyesha udhaifu ndiye anayeliwa, kwa hiyo kondoo atajikaza aende na wenzake hadi mwili umshinde. Hatalia. Utamjua kwa vitu vidogo: amebaki mkiani mwa kundi, masikio yameshuka, wenzake wamelala kivulini wanacheua naye amesimama tu hacheui. Mwenye kusubiri kondoo aje kumwambia kwamba anaumwa atamkuta amekufa.

Sasa nije kwa Yakobo, kwa sababu yeye ndiye mtu wa kwanza katika Biblia kumtaja Mungu kama mchungaji wake, na alikuwa anajua anachokisema. Alichunga mifugo ya Labani kwa miaka 20. Katika Mwanzo 31 anapogombana na mkwewe, yanamtoka yote: jua la mchana, baridi ya usiku, usingizi uliokimbia. Na katikati ya hayo kuna neno ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Anamwambia Labani kwamba mnyama aliyeraruliwa na wanyama wakali hakumletea. Hasara aliilipa yeye mwenyewe. Aliyeibwa mchana au usiku, vivyo hivyo. Sheria iliyokuja kuandikwa baadaye katika Kutoka 22:13 ilimpa mlinzi wa mifugo njia ya kujitoa: akileta mabaki ya mnyama aliyeraruliwa kuwa ushahidi, hatalipa. Amosi naye, aliyetoka kwa wachungaji wa Tekoa, anamjua mchungaji anayeokoa kinywani mwa simba miguu miwili au kipande cha sikio. Yakobo hakupewa hata nafasi hiyo ya kuonyesha kipande cha sikio. Alilipa.

Miaka ikapita, na siku moja wanawe wakamletea mzee huyo ushahidi wa namna ile ile: kanzu yenye damu. Akaitambua. Akasema mnyama mkali amemla mwanawe, Yusufu ameraruliwa. Nadhani hakuna mtu katika Maandiko ambaye neno hilo lingemkata zaidi ya mchungaji aliyezoea kulipia walioraruliwa. Raheli mkewe alikuwa amekwisha kumfia njiani, karibu na Efrathi. Sasa na mtoto wa Raheli.

Halafu tunamkuta kitandani, macho yamefifia, Misri, mbele yake wamesimama watoto wawili wa huyo huyo aliyedhaniwa ameraruliwa. Anawabariki kwa jina la Mungu ambaye, anasema, amemlisha maisha yake yote "hata siku hii ya leo". Yote. Pamoja na miaka ya kanzu ile. Siamini kwamba Yakobo alisahau. Mtu aliyekuwa akidaiwa kila kondoo alifika mwisho wa safari akaona kwamba yeye naye alikuwa mikononi mwa Mmoja anayewajibika kwa kila aliyepotea, hata yule ambaye yeye Yakobo alikuwa ameshamfungia hesabu.

Niliyaelewa haya polepole, na sikuyaelewa kwa kusoma tu. Mke wangu aliugua muda mrefu, kisha akafariki. Watu walionipenda waliniletea Zaburi ya 23, na nawashukuru mpaka leo, ila kwa miezi kadhaa sikuweza kuitamka. Nilichoweza kutamka ni Zaburi ya 80. Inaanza kwa kumwita Mungu "wewe uchungaye Israeli", na neno linalofuata ni "usikie". Mistari michache mbele, huyo Mchungaji anaambiwa usoni kwamba amewalisha watu wake mkate wa machozi. Kazi ya mchungaji ni kulisha, nao wanamwambia wazi chakula alichowapa ni kipi. Zaburi ya 74 ni kali zaidi: mbona hasira yako inatoka moshi juu ya kondoo wa malisho yako? Na Zaburi ya 44 inasema wamefanywa kama kondoo wa kuchinjwa, kisha inamwambia Mungu aamke.

Hapo ndipo nilipoona kwamba watu wa Mungu walilitumia jina hili zaidi kama msingi wa kudai. Kondoo hana haki ya kumlalamikia mpita njia. Mpita njia hajapewa dhamana naye. Lakini mchungaji ana dhamana, na kumwita Mungu mchungaji ni kumwambia: sisi ni wako, tunapungua, na wewe ndiwe unayetujua tulivyokuwa. Sala ya namna hiyo inaonekana kama utovu wa adabu kwa mtu ambaye hajaumia. Mimi nilikuta ndiyo imani niliyobaki nayo wakati nyingine yote imekauka. Kile kiitikio cha Zaburi ya 80 kinachorudi mara tatu, "uturudishe, uangazishe uso wako nasi tutaokoka", nilikuwa nikikisema jikoni, nikikisema njiani, na siku nyingine sikupata la kuongeza.

Ibadani nilikuwa naenda, halafu nikaanza kukaa kiti cha nyuma karibu na mlango, halafu nikaacha. Hakuna ugomvi wowote uliotokea. Nilibaki mkiani mwa kundi tu.

Aliyekuja ni mama mmoja mzee wa kanisa, mwanamke wa maneno machache. Alibisha hodi siku ya kazi, jioni, peke yake. Nilimkaribisha nikijiandaa kuhojiwa. Akakaa, akanitazama, akasema, "Mwanangu, sikuja kukuhubiria. Nimekuja kukuona." Aliuliza kama nalala. Nikamwambia silali. Akauliza kama nakula, nikanyamaza, naye hakurudia swali. Akainuka akaosha vyombo vilivyokuwa vimejazana kwenye sinki, vyote, akavipangusa na kuvipanga, na alipomaliza alinisomea mstari mmoja tu kutoka Isaya 40:11, ule wa Bwana kuwachukua wana-kondoo kifuani na kuwaongoza polepole wanyonyeshao. Kisha akasema, "Polepole, mwanangu. Hakuna anayekufukuza," akachukua mkoba wake akaenda.

Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena.

Baadaye sana, nilipoanza kuongozana naye kutembelea wagonjwa, niliona daftari lake. Daftari la kawaida la shule, pembe zimekunjika. Kila ukurasa una majina, na mbele ya kila jina maneno mawili matatu ya kalamu ya risasi: "mguu", "kazi imekwisha", "hawasemezani na kaka yake", "mtihani mwezi huu". Baada ya kila ibada ya Jumapili alikuwa akikaa kwenye benchi la nje akipitisha kidole kwenye majina, akiweka alama kwa ambao hakuwaona. Nilipoona jina langu, mbele yake pameandikwa "kiti cha nyuma", na tarehe iliyokuwa imetangulia kwa muda mrefu siku ile aliyobisha hodi. Alikuwa ameanza kuniangalia kabla sijaacha kuja.

Tangu hapo Ezekieli 34 imekuwa sura ninayoirudia kuliko nyingine zote kuhusu jambo hili, na naomba msomaji aisome pamoja na sura iliyoitangulia. Ezekieli yuko uhamishoni Babeli. Katika sura ya 33, mwaka wa 12 wa uhamisho, anafika mtu aliyenusurika akiwa na habari fupi: mji umepigwa. Yerusalemu, ulioanguka mwaka 586 KK, haupo tena. Na neno linalofuata, baada ya onyo kwa waliobaki magofuni, ni kesi juu ya wachungaji. Hao ni wafalme na wakuu; mataifa ya zama hizo yaliwaita watawala wao wachungaji, na Hammurabi wa Babeli alijiita hivyo katika utangulizi wa sheria zake, karne nyingi kabla ya Ezekieli. Mungu analichukua jina hilo la heshima na kuligeuza kuwa hati ya mashtaka. Wagonjwa hamkuwatia nguvu. Waliovunjika hamkuwafunga. Waliofukuzwa hamkuwarudisha. Waliopotea hamkuwatafuta. Manyoya mmevaa, walionona mmechinja. Hukumu inakuja katika mstari wa 10: "nitawataka kondoo zangu mikononi mwao".

Lile ndilo swali la jioni mlangoni mwa zizi, sasa likiulizwa na Mwenye kundi. Na wakati hakuna mchungaji anayeweza kulijibu, mstari wa 11 unasema atakayekwenda kutafuta ni Mungu mwenyewe. Mstari wa 16 unapitia orodha ile ile ya mashtaka, ila sasa kila kitu kina mtendaji: aliyepotea atatafutwa, aliyefukuzwa atarudishwa, aliyevunjika atafungwa, mgonjwa atatiwa nguvu. Mungu anachukua mwenyewe kazi iliyowashinda waliopewa mshahara wa kuifanya.

Sura hiyo ina sehemu nyingine ambayo naona haihubiriwi vya kutosha, na ninasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimewaona waumini wakiifurahia nusu ya kwanza tu. Kuanzia mstari wa 17 Mungu anawaacha wachungaji na kuwageukia kondoo. Kuna kondoo wanene waliokula malisho mazuri, kisha wakakanyaga yaliyobaki kwa miguu yao. Wakanywa maji safi, kisha wakayachafua, wenzao wakabaki kunywa matope. Wanawasukuma dhaifu kwa ubavu na bega na pembe mpaka wanawatawanya nje. Mchungaji wa kweli anahukumu kati ya kondoo na kondoo. Ni rahisi kulaumu uongozi wa kanisa na kusahau kwamba wengi hawakufukuzwa na mchungaji yeyote. Walichoka kusukumwa na mabega ya wenzao: maneno ya pembeni, hali ya mtu kufanywa habari, msaada unaotolewa huku ukitangazwa. Nikisema "Bwana ndiye mchungaji wangu" nakubali pia kwamba ananitazama mimi ninavyokula karibu na aliye dhaifu kuliko mimi.

Yesu anaposema katika Yohana 10 "Mimi ndimi mchungaji mwema", wasikilizaji wake walikuwa na Ezekieli kichwani. Lakini tazama yametoka wapi maneno hayo. Sura ya 9 ni ya mtu aliyezaliwa kipofu. Ameponywa, amehojiwa, wazazi wake wameogopa kumtetea, na mwishowe viongozi wanamtoa nje. Yesu akasikia kwamba wamemtoa nje, akamtafuta mpaka akamwona, akazungumza naye. Ndipo hotuba ya mchungaji inafuata, na aliyetafutwa huenda bado amesimama pale pale. Kitendo kimetangulia mahubiri. Nami nashuhudia kwamba mtu aliyetafutwa husikia mahubiri kwa masikio mengine kabisa.

Katika hotuba hiyo, tofauti ya mchungaji na mtu wa mshahara inajulikana mbwa-mwitu anapotokea. Siku za majani mabichi wote wawili wanafanana. Wote wamesimama na fimbo. Mtu wa mshahara hukimbia kwa kuwa, Yesu anasema, "mambo ya kondoo si kitu kwake". Yakobo alilipia walioraruliwa kutoka katika mali yake. Yesu anasema atautoa uhai wake, na anaongeza kwamba hakuna amwondoleaye, anautoa mwenyewe. Sijui namna nyingine ambayo mdaiwa angeweza kulipa zaidi ya hiyo.

Petro naye alikabidhiwa, kando ya ziwa, baada ya kufufuka kwa Bwana, mara tatu, na kila mara ni kondoo "zangu". Hakuna mahali anapoambiwa kwamba sasa ni wake. Alipozeeka akawaandikia wazee wenzake walichunge kundi la Mungu lililo kwao, si kwa tamaa ya fedha, wala kwa kujifanya mabwana, akiwakumbusha kwamba yuko Mchungaji mkuu atakayedhihirishwa. Alijua nani ataulizwa nini.

Siku hizi nami nina daftari. Mama yule amechoka miguu na hutembelewa zaidi kuliko anavyotembelea, ila bado ananiuliza majina. Yako mambo ambayo kazi hii imenifundisha. La kwanza ni kwenda mapema, pale mtu anapobadilisha kiti, kabla hajawa "aliyepotea" kwa hesabu za ofisi. La pili ni kutomwachia mtu mmoja anayelipwa kazi ya kuwajua watu wote. Hawezi, na tukimlazimisha tunamvunja. Lakini lililonichukua muda kuliko yote ni mwendo. Watu wana haraka na aliyefiwa, wana haraka na aliyeanguka, wanataka ushuhuda wake uwe tayari. Yakobo, alipokutana na Esau na kualikwa waende pamoja, alikataa kwa upole: watoto ni wadogo, mifugo inanyonyesha, na mifugo ikiharakishwa hata siku moja tu itakufa. Akamwomba ndugu yake atangulie, yeye akaja polepole kwa mwendo wa kundi na wa watoto. Isaya alimwona Mungu akitembea mwendo huo huo. Kwa hiyo nikikaa na mtu ambaye hawezi kuomba, siombi kwa niaba yake maombi marefu ya kumuaibisha. Nasoma kidogo, tunakaa.

Kuna watu katika daftari ambao hawajarudi. Yumo kijana mmoja ambaye hapokei simu zangu, ingawa ujumbe anausoma. Zamani mtu wa namna hiyo ningedhani amemwacha Mungu, mpaka nilipokaa na Zaburi ya 119. Ina mistari 176, karibu yote ni upendo kwa sheria ya Bwana, na huyo aliyeimba yote hayo anamalizia kwa kusema ametanga-tanga kama kondoo aliyepotea, na anaomba: "umtafute mtumishi wako". Hajasahau maagizo, anasema hivyo waziwazi, na bado amepotea, na bado anataka kutafutwa. Luka anasema mchungaji huenda akamtafute yule aliyepotea "hata amwone". Hakuwekewa muda.

Jumamosi tunakwenda kwa kijana huyo tena, mimi na mmoja wa vijana wenzake. Tumekubaliana tusimuulize chochote kuhusu ibada. Tutamuuliza kama analala.